Vifaranga wa Mama Nesta

Kila Jumamosi Sabra alifuatana na mama yake, Mwanaasha, hadi kwenye ofisi ya wakala wa forodha pale mpakani Tunduma. Alifagia, kisha akakaa kufanya kazi zake za shule. Mama alikuwa msimamizi wa seva, ile kompyuta inayopokea na kutunza barua pepe zote za ofisi. Alimkataza Sabra kuigusa hadi akachoka.

Lakini Sabra naye mbishi. Ijumaa jioni alimpitia mama ofisini, na mama alipotoka kuswali, alihamishia kwenye seva filamu za rafiki yake Brenda, nyingi mno, mpaka seva ikajaa pomoni.

Jumamosi hiyo lori la vifaranga lilikwama foleni, jua linawaka, likisubiri kibali kutoka Zambia. Kibali kilikuwa kije kwa barua pepe, na bila hicho halivuki. Mwenye vifaranga, Mama Nesta, mjane wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka, aliingia na kutoka akiuliza. Mwanaasha alipiga simu ng'ambo, wakamjibu kwamba wameshatuma. Basi akasema mtandao unasumbua. Nani angebisha? Tunduma mtandao husumbua kila siku. Akakagua nyaya, akangoja.

Sabra akakumbuka alivyoambiwa: seva ikijaa, haipokei kitu. Aliogopa kuchapwa, akainamia daftari lake kimya.

Mchana bosi, Mzee Habibu, alikuja juu. Alimwambia Mwanaasha kwamba kama kazi imemshinda, aache funguo mezani aende zake. Mama akaanza kuzitoa funguo mkobani. Hapo Sabra alishindwa.

"Mama, ni mimi. Nimejaza filamu kwenye seva."

Mama aliikimbilia seva. Alizifuta, akaomba kibali kitumwe upya, kikaingia papo hapo. Wakakimbia nacho hadi kwenye lori. Dereva alikuwa akishusha maboksi. Vifaranga wengi walikuwa wamekufa, wamelaliana, midomo wazi. Mama Nesta alikaa chini barabarani akalia.

Mzee Habibu alimrudishia mama funguo bila kumtazama usoni.

"Kesho tutakwenda Nakonde, ukamwambie mwenyewe," mama alisema walipokuwa wakirudi nyumbani. "Na mimi nina kosa. Nimezoea kuulaumu mtandao, sikuiangalia seva. Lakini mwanangu, ukikosea, sema palepale, hata kama utachapwa. Asubuhi vifaranga wote walikuwa hai, na wewe ulikuwa unajua."