Mafaili Kumi na Matatu ya Ziada

Kila Jumamosi asubuhi Ketrina alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia uwanja na kumpikia mdogo wake uji. Zote tatu alizifanya kwa wakati mmoja, ndiyo maana uji ulikuwa na mabonge na uwanja ulifagiliwa nusu. Tunduma ni mji ambao malori husubiri kuvuka mpaka siku mbili, tatu, na madereva wakapika ugali wao chini ya tela bila kununa. Ketrina wa darasa la saba hakuweza kusubiri hata maji yachemke.

Jumamosi hiyo walau alikuwa na sababu ya kukimbia. Klabu ya kompyuta ya shule yao ilikuwa inatuma kazi kwenye shindano la picha. Yeye na Rabson, anayesoma naye, walikuwa wamekwenda kijiji cha Ruanda kwa bibi yake Ketrina wakapiga picha za kahawa, tangu inachumwa hadi inaanikwa kwenye vichanja. Masharti yalikuwa mafupi: picha kumi na mbili zilizobanwa pamoja ndani ya faili moja la zipu, mwisho saa nane mchana, na nafasi za kutuma ni mbili tu.

Mwalimu Osea, mlezi wa klabu, aliwaachia kompyuta yake aina ya Mac pale ofisini.

"Ketrina, ukishabana picha, lifungue faili kwenye ile kompyuta ya ofisini, uhesabu. Ndipo utume. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Ketrina akabana picha, akahamishia faili kwenye flashi. Lakini kompyuta ya ofisini ilikuwa kuukuu, kuwaka tu ilitaka dakika tano. Dakika tano! Akazunguka meza, akachungulia dirishani, akakaa, akasimama. Rabson alikuwa kwenye Mac akijaza fomu ya shindano.

"Umekagua?" Mwalimu Osea aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimekagua," alijibu Ketrina. Akamsogeza Rabson kwa bega na kubonyeza "Tuma" kabla neno halijamtoka lote.

Jibu lilirudi upesi kuliko alivyotaka: KAZI IMEKATALIWA. MAFAILI YANAYORUHUSIWA: 12. YALIYOPOKEWA: 25. IMEBAKI NAFASI MOJA.

Ketrina akahesabu picha kwenye Mac. Kumi na mbili. Akarudia. Kumi na mbili. Sasa, mtoto wa Tunduma akisikia mzigo umezidi idadi iliyo kwenye karatasi, haulizi kompyuta imefanya nini. Anauliza nani kaficha.

"Rabson!" alifoka. "Umepakia magendo yako humu!"

"Magendo gani tena?"

"Picha zako za miwani! Zile ulizopigwa umeegemea lori la Wazambia kama vile ni la baba yako. Tulizikataa, ukaziingiza kimyakimya."

"Kumi na tatu? Hata mimi sijipendi kiasi hicho."

Wanaklabu waliokuwa mle ofisini wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Ketrina, ulipokagua zilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili, Mwalimu."

"Basi kuna mtu ameongeza baadaye, na aliyekuwa kwenye kompyuta ni Rabson. Mpaka tujue zimetoka wapi, jina la Rabson liondoke kwenye fomu."

Rabson alichukua begi lake. "Ile picha ya vichanja niliipandia juu ya paa la bibi yako," alimwambia Ketrina, "nikaumwa na nyigu sikio zima. Haya, endeleeni." Akatoka.

Ilikuwa saa saba na robo. Kompyuta kuukuu ilishawaka, inavuma kama mashine ya kusaga. Ketrina alichomeka flashi na kulifungua faili la zipu, apate ushahidi wa kummaliza Rabson. Akaona folda mbili. Ya kwanza ilikuwa na picha zao kumi na mbili pamoja na kitu kinachoitwa .DS_Store. Ya pili hakuwahi kuiona kwenye Mac. Iliitwa __MACOSX, na ndani yake mlikuwa na mafaili kumi na mawili madogo sana yenye majina ya picha zao, ila kila jina limetanguliwa na nukta na kistari cha chini. Akabonyeza moja. Halikufunguka. Akabonyeza jingine. Hakuna miwani, hakuna lori.

Akalitafuta jina la folda hiyo mtandaoni. Maelezo hayakuwa marefu: Mac inapobana mafaili, huweza kuongeza kumbukumbu zake yenyewe. Mwenye Mac hazioni. Anayepokea anaziona zote.

Na aliyebana picha ni nani? Ketrina. Aliyesema amekagua? Ketrina huyohuyo.

Hakuna aliyekuwa anamtazama. Angeweza kuzifuta, akatuma, mambo yakaisha, na jina kwenye fomu likabaki lake peke yake. Akasimama.

"Mwalimu, sikukagua."

"Unasemaje?"

"Sikukagua. Niliona dakika tano ni nyingi. Rabson hakuweka kitu, ni Mac yenyewe. Na aliyebana ni mimi."

Mwalimu Osea alitazama saa yake. "Mimi usinitazame. Mfuate mwenye jina lililoondolewa. Kimbia."

Kukimbia alikujua. Alipenya kati ya malori hadi akamkuta Rabson amekaa kwenye jiwe, anatafuna muhindi wa kuchoma.

"Umekuja kunipekua? Mfukoni mna chumvi tu."

"Nisamehe, Rabson. Nilidanganya, halafu nikakusingizia."

"Utasema mbele ya wote?"

"Nitasema."

"Na habari ya nyigu?"

"Hata hiyo?"

"Hiyo hasa."

Alisema yote mbele ya klabu, hadi nyigu. Kisha wakakaa wawili kwenye kompyuta kuukuu. Ketrina akafuta folda ya ziada, akafuta na .DS_Store, Rabson akahesabu kwa sauti. Kumi na mbili. Ketrina akaomba wahesabu tena. Saa saba na dakika hamsini na mbili wakatuma, fomu ikiwa na majina mawili. KAZI IMEPOKEWA. MAFAILI: 12.

"Rabson," Mwalimu Osea alisema, "na mimi nimekukosea. Nilikuhukumu kabla sijalifungua faili. Naomba radhi." Kisha akawageukia wote. "Unachokiona kwenye kioo chako sicho chote unachompelekea mwenzako. Ndiyo maana tunafungua na kuhesabu. Lakini yale mafaili tumeyafuta kwa dakika moja. Kilichotusumbua ni neno 'nimekagua'. Nusura lipoteze jasho la mtu. Kama hujafanya, sema hujafanya. Tutakusubiri."