Mlinzi wa Ukumbi wa Kanda Mbili

Jiwe lilipasua kioo cha ukumbi wa mkutano. Kabla mkalimani hajajua kilichotokea, mlinzi mrefu mwenye suti nyeusi alikuwa amemwangusha sakafuni na kumfunika kwa mwili wake.

"Samahani, dada. Umeumia?"

"Aliyeumia ni kiatu," alijibu, akimwonyesha kisigino kilichokatika. "Na wewe u mzito kama gunia la saruji!"

Walicheka palepale, vipande vya kioo vimewajaa nywelani. Nje, watu waliokimbia vita vya mpakani walikuwa wakipiga mayowe. Baraza la dunia lilishindwa kukubaliana, ndipo nchi za kanda mbili zikakutana kuamua kama zitapeleka askari kuvisimamisha vita hivyo.

Walipeana namba; jioni simu zikaanza, na baada ya siku chache wakawa wapenzi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nile saa ngapi? Mawaziri wanagombania neno: 'tunalaani' au 'tunasikitika'."

"Mimi ningependekeza 'tunapendana'."

"Haya, mheshimiwa, hoja imepokewa."

Siku ya mwisho ya mkutano waandamanaji walivunja uzio. Kupitia dirisha la chumba cha ukalimani, mkalimani alimwona mpenzi wake, rungu mkononi, akimrukia mwandamanaji kijana wa shati jekundu: mdogo wake yeye mkalimani, wa tumbo moja! Wote wawili walianguka, marungu yakafuata, damu ikatapakaa ngazini. Aliacha kutafsiri katikati ya hotuba ya waziri.

Mlinzi alipopiga simu, mkalimani alimfokea. "Usinitafute tena. Umemwaga damu ya tumbo la mama yangu!"

"Laazizi, nisikilize kwan—"

Akakata.

Hospitalini alimkuta mdogo wake ameshonwa kichwa.

"Dada, umemwona shemeji?"

"Shemeji gani? Yule muuaji?"

"Muuaji? Wenzake ndio waliotaka kuniua. Alinitambua kwa picha ulizomtumia. Akanilalia juu, akaninong'oneza, 'Tulia, mimi shemeji yako.' Kipigo changu amekila yeye. Yupo wodi ya pili."

Alikwenda mbio. Akamkuta jicho limevimba, mdomo umepasuka, mbavu zimefungwa bendeji.

"Mawaziri wamekubaliana?" mlinzi aliuliza.

"Wametia saini. Askari wanaondoka kesho kwenda mpakani." Machozi yalimdondoka. "Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Nisamehe."

"Wamenifukuza kazi. Eti nimewageuka wenzangu."

"Basi hiyo kazi haikukufaa."

"Unifae wewe. Nikuoe?"

"Hata kukaa huwezi, unataka kuoa?"

Mlinzi alicheka, mbavu zikamchoma, akapiga ukelele. Mkalimani akaishika mikono yake iliyochubuka, akaibusu mmoja mmoja.

"Nioe," alisema. "Lakini pona kwanza."