Betri Iliyonyweshwa Maji ya Kisima

Mama Mayai hakuwahi kumuuzia mtu yai viza. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake mjini, na ndiyo maana harufu ile ilipoanza sebuleni Jumanne jioni, alikasirika kabla hajaogopa. Alikagua trei zote, yai moja moja, akiyainua mbele ya balbu. Yote yalikuwa mazima. Harufu ikabaki palepale, kando ya pikipiki.

Pikipiki ililazwa sebuleni kila siku, kwa kuwa cha nje kina wenyewe wengi. Ubavuni mwake kilikuwa kitanda cha mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, na dirishani meza ya mumewe, fundi saa. Nafasi iliyobaki ilijazwa na ulimi wa Bibi.

"Pengine ni wewe," Bibi alimwambia. "Mtu akishinda na mayai, mwisho hunuka kama ndiye aliyetagwa."

Mama Mayai alikuwa akifikiria yaliyotokea mchana.

Mchana ule betri ilimfia njiani, barabara ya mchanga, hakuna nyumba wala mti. Alisimama kufunga mzigo vizuri, na aliporudi kubonyeza starta ikasema tik, kisha kimya. Kiki, ile ya kuwashia kwa mguu, ilikuwa imevunjika tangu mwaka jana, na hakuna mtu aliyezaliwa awezaye kuisukuma pikipiki kwa kukimbia huku imebeba mayai mia sita. Akafungua ubavu, akang'oa vizibo sita vya betri, akachungulia. Vyumba vyote sita vilikuwa vikavu. Alijua vizuri kwamba betri hunyweshwa maji ya betri na si mengine. Lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Hatua chache kutoka barabarani kulikuwa na kisima kilichofunikwa bati, na juu ya bati mawe. Hapakuwa na kamba wala ndoo, wala dalili ya mguu wa mtu. Mwingine angejiuliza kwa nini watu wayakimbie maji. Yeye aliyaondoa mawe na bati, akafunga chupa kwenye mpira wa mzigo, akaiteremsha jua likiwa utosini, saa ambayo wenye akili zao hawachungulii visima. Chupa ilijaa bila sauti. Maji yalikuwa vuguvugu, kama yametoka kinywani mwa mtu.

Akavinywesha vyumba vyote sita, akarudisha vizibo. Kabla hajagusa starta, pikipiki ikawaka. Mama Mayai alicheka peke yake barabarani, akapanda, akaenda zake. Bati hakulirudisha.

Jumatano, saa zote za betri mezani kwa mumewe zilisimama. Alizitia betri mpya, zikasimama tena kabla hajafunga mifuniko. Alhamisi ikafuata redio, kisha tochi, kisha balbu, kisha simu zote mbili. Pikipiki peke yake ndiyo ilinawiri.

Ijumaa asubuhi alimpelekea Bibi uji.

"Asante, mwanangu."

Mama Mayai alisimama akingoja mengine. Miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kupewa asante isiyo na mkia. Leo uji haukuwa mwepesi, kijiko hakikuwa kichafu, mpishi hakuwa mvivu. Alipogeuka aliona mkono wa Bibi umeshindwa kukiinua kikombe.

"Uzee tu," mumewe alinong'ona.

"Hazeeki," Mama Mayai alimjibu. "Mama anazimika."

Jioni aliketi kando ya kitanda, mumewe akiwa ameenda kununua mafuta ya taa, na katika ule mwanga unaofifia akaona indiketa ya pikipiki inawaka na kuzima, ingawa ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, inawaka na kuzima polepole, na kila ilipowaka kifua cha Bibi kilishuka, na kila ilipozima kilichelewa kupanda, mara hii kidogo, mara ile zaidi, na harufu ya yai viza ikamjaa kooni, na kutoka ndani ya honi, kwa sauti ya Bibi mwenyewe, ukatoka mnong'ono, "Asante, mwanangu," huku midomo ya Bibi imefumbwa. Na hapo ndipo alipokumbuka kwamba asubuhi hakuwa amemtazama Bibi mdomoni. Aliogopa. Kisha akaichukua kanga yake, akaifunika ile indiketa, akasema, "Huyu ana wenyewe."

Jumamosi alfajiri alikuwa mlangoni kwa fundi wa pikipiki. Fundi aligusisha nyaya za kipimo chake, akatazama, akagusisha tena.

"Sifuri," alisema. Akang'oa kizibo, akamulika ndani. "Betri hii imekufa zamani, Mama Mayai. Sahani za ndani zimeoza, zimebaki tope." Akashusha sauti. "Na pikipiki umekuja nayo inanguruma. Sasa hii inakula wapi?"

Mama Mayai alijua inakula wapi. Alimweleza habari ya kisima, na fundi akafuta mikono yake na kurudi nyuma hatua mbili.

"Ukiyamwaga hapa yatakaa hapa. Ulikochota ndiko kwao. Mimi siigusi."

"Sikukuomba uiguse."

Mumewe alitaka kwanza atafutwe mtu anayeyajua mambo hayo. Alisikia kuna mmoja, angeweza kufika Jumatatu.

"Akija Jumatatu atamkuta nani?" Mama Mayai alimuuliza, akatoka.

Pikipiki ilikwenda vizuri mpaka bati la kisima lilipoonekana kwa mbali. Hapo ikazima. Akashuka akasukuma. Ikawa nzito, magurudumu yakizama mchangani kana kwamba imebeba ukoo mzima, na jua lilikuwa limefika utosini tena alipoiegesha ukingoni mwa kisima.

"Mwanangu," honi ilisema kwa sauti ya Bibi. "Jua kali, mwanangu. Pumzika."

Alianza kulegeza nati za betri.

"Usinimwage. Kizee yule amebakiwa na siku ngapi? Mimi nitakuendesha mpaka uzeeke. Hutakwama tena njiani, mwanangu."

"Hapo umejiponza," Mama Mayai alisema. "Mama mkwe wangu hajaniita mwanangu mara tatu tangu niolewe. Ungenitukana, labda ningekuamini."

Akaing'oa betri, akavitoa vizibo, akaiinamisha juu ya kisima, na maji yakatoka meusi, yakinuka viza, chumba cha kwanza, cha pili, honi ikilia ingawa haikuwa na betri ya kuiliza, cha tatu, cha nne, ikimbembeleza, kisha ikimlaani yeye na kuku wote waliomtagia, cha tano, naye akizidi kuinamisha na kupiga kelele kwamba Bibi ni msumbufu, ni mkorofi, lakini ni wao, na msumbufu wao hawamtoi. Cha sita kilikuwa kikavu.

Aliikung'uta betri. Hakikutoka kitu. Akaitupa kisimani, asisikie ikifika, akarudisha bati na mawe yote. Kisha akatia gia ya pili, akabana klachi, akasukuma kwa kukimbia, akaiachia. Mara ya tatu injini ikashika.

"Pikipiki zilisukumwa kabla yako," alikiambia kisima.

Alipofika nyumbani mumewe alikuwa ameinama juu ya kitanda. Akaiingiza pikipiki, akazima injini, na harufu ikaingia nayo. Taa ya mbele, isiyo na betri, ikawaka nyekundu, hafifu, ikimwelekea Bibi usoni. Kile cha chumba cha sita kilikuwa kimerudi naye.

Mama Mayai akasimama mbele ya taa, akaikinga kwa mwili wake. Alihisi nguvu zikimtoka miguuni, lakini hakuondoka.

"Sogea," sauti ilisema nyuma yake. "Unaniziba nini?"

Bibi alikuwa amefumbua macho. Alijiinua kwa kiwiko, akaitazama taa kama anavyowatazama wauza samaki.

"Na wewe, nani kakukaribisha? Umekula siku nne hata sahani hujaosha. Nyumba hii ina mkwe mmoja mvivu, ananitosha. Toka."

Taa ikatetemeka.

"Nimesema toka. Na mlango ufunge."

Taa ikazimika. Harufu ikawapita, ikatoka, na mlango ukajifunga kwa upole, kama unavyofungwa na mtu aliyekemewa. Mezani saa moja ikaanza kugonga, kisha ya pili, kisha zote, kila moja na wakati wake.

Mama Mayai alipika uji, akauleta. Bibi akaonja.

"Mwepesi," alisema.

Mama Mayai akaketi sakafuni, akaweka uso kwenye ukingo wa kitanda, akalia bila kujizuia.

"Lilia pembeni huko," Bibi alimwambia. "Unauongezea maji."