Maua Mekundu ya Kastori

Stendi ya Gitega ilikuwa imefurika watu siku Kasilda alipokanyagwa mguu na mwanaume aliyebeba fungu la maua mekundu lililomfunika uso.

"Samahani, dada."

"Samahani yako itaponya kidole?"

Mwanaume akacheka, akachomoa ua moja. "Hili litaponya."

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha mtu aliyekulia Tanzania. Shati jeupe lilikuwa limepigwa pasi, mikono inanukia sabuni. Aliitwa Kastori, na kazi yake ilikuwa Muyinga.

"Kazi gani?"

"Ya maji."

Kasilda, muuza vitenge katika duka la Mariambai, aliwaza ofisi na meza.

Tangu hapo, kila Jumamosi Kastori alishuka basini na maua. Katikati ya wiki alipiga simu mpaka chaji ikaisha. Jumamosi moja wakiwa wanakula brosheti za mbuzi kando ya barabara, gari la kunyonya vyoo likapita. Kasilda akaziba pua.

"Mwanaume wa ile kazi, nani atakula naye sahani moja?"

Kastori aliitazama nyama yake. Hakuimaliza.

Kuanzia siku hiyo, kila Kasilda alipomuuliza wazee wake watakuja lini kwao kufata irembo, yaani kubisha mlango wa posa, alijibu, "Subiri kidogo, mpenzi." Mwanaume anayesema subiri ana mwingine. Hivyo ndivyo Kasilda alivyojua, bila kuambiwa.

Mariambai alipomtuma Muyinga kupokea vitenge, alivaa gauni lake la kijani na hakumwambia Kastori. Njaa ikamwingiza mgahawani karibu na soko. Juu ya kila meza, ndani ya chupa ya soda, palikuwa na maua mekundu. Yale yale.

"Nani anakuletea haya?" alimuuliza mwenye mgahawa, mwanamke wa rangi ya mdomo na nywele mpya.

"Kastori wangu! Kila asubuhi."

Kasilda akausukuma wali. Akatoka nje, akapiga simu.

"Sheri wangu, we uko wapi?"

"Kazini, mpenzi. Mbona sauti hivyo?"

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Mwongo! Mi niko hapa kwa mwanamke wako."

"Uko Muyinga?" Simu ikakatika.

Mwenye mgahawa alikuwa mlangoni, anafuta mikono. "Unamtafuta Kastori? Shuka nyuma ya machinjio."

Kasilda alishuka akiwa amekunja ngumi. Harufu ilimpokea kwanza. Kisha akaona: bomba linatapika maji mekundu mazito kutoka machinjioni, chini yake mashimo mapana yaliyojazwa changarawe, na juu ya changarawe maua, maua, mekundu kama moto. Katikati yake Kastori, buti hadi magotini, panga mkononi.

"Mizizi ndiyo inayosafisha," alisema bila kumtazama. "Maji yanaingia hivi, yanatoka pale chini yakiwa meupe. Nilikuambia kazi ya maji. Sikukuambia maji gani. Uliziba pua, Kasilda."

Kasilda akakumbuka maua pembeni ya mto wake wa kulalia, usiku baada ya usiku. Lakini palikuwa na jambo lililomchoma zaidi.

"Na yule wa mgahawa?"

"Ursula?"

"Unajua na jina!"

"Ni lazima niyakate, la sivyo yanaoza na kuziba maji. Nampa Ursula, nampa fundi baiskeli, nampa padri. Yanayochanua kwanza ndiyo nakuletea wewe."

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza, kila wiki."

Kasilda alivua viatu, akavishika mkononi, akatembea juu ya ukingo mpaka alipo. Alinuka vibaya, Kastori wake. Akamfuta jasho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Jumamosi wazee wako waje. Na wewe mwenyewe umwambie baba kazi yako. Mi sitakusemea."

"Akiziba pua?"

"Mi nitaifungua. Na maua ulete."

"Mangapi?"

"Yote. Kwa yule mwanamke lisibaki hata moja."

"Kasilda, yatajaza basi zima!"

"Yajaze."

Jumamosi hiyo abiria wa Gitega walisafiri na majani puani. Mgahawani kwa Ursula, chupa za soda zilikaa tupu. Kasilda alipiga namba ya fundi baiskeli aliyoichukua Muyinga, akahakikisha kwamba kwa Ursula halikubaki hata ua moja, ndipo akampelekea baba yake kiti cha kuwapokelea wazee wa Kastori.