Filamu Ikianza, Kaka Hutoka

"Sauti ipo. Picha hakuna," alisema Shangazi Lesieli.

"Naona, Mama Lesieli."

"Ukiona wewe huko nyuma, mimi huku mbele inanisaidia nini?"

Sateki alikuwa amejibana nyuma ya televisheni yetu, kilichobaki nje ni miguu tu. Ni jirani yetu na ndiye fundi wa televisheni na redio za mashua hapa Neiafu. Siku hiyo, Ijumaa mchana, Shangazi alikuwa amemwita aje kumfungia kisanduku cha filamu alicholetewa na mwanawe kutoka Auckland. Kilikuja na diski iliyosheheni filamu za picha kali, maana kisiwani kwetu ukitegemea mtandao kutazama filamu, utazeeka ukitazama kile kiduara kinavyozunguka.

Kaka yangu Maika alikuwa amejilaza mkekani akisubiri. Nikaingia na jagi la kinywaji cha tikiti maji na nazi, na picha nayo ikaja wakati huohuo. Maika akainuka, akachukua mto wake, akatoka kwenda barazani bila neno.

Kwetu Tonga hilo halimshangazi mtu. Kaka na dada hawatazami filamu chumba kimoja. Hujui ni saa ngapi watu wa kwenye filamu wataanza kubusiana, na hapo macho yenu mtayapeleka wapi? Kwa hiyo dada akiingia, kaka hutoka. Ndiyo heshima yenyewe.

Lakini Sateki naye alijichomoa nyuma ya televisheni, akajipangusa vumbi, akaelekea mlangoni.

"We, wapi?" Shangazi akamuuliza.

"Napunga upepo kidogo."

"Maika ametoka kwa sababu dada yake ameingia. Wewe huo upepo umeanza lini?"

Sateki aliitazama bisibisi yake. "Nitarudi akishatoka."

Akishatoka. Yaani mimi, Meliame, niliyesimama pale na jagi langu kama mgeni asiyealikwa.

Alianza mchezo huo tangu tulipomzika baba. Zamani tulikuwa tunakaa naye mkeka mmoja, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Damu hatuchangii hata tone. Lakini baada ya mazishi, nikiingia filamu ikiwa inaendelea, yeye huyo nje. Mtu akikuondokea mara moja utasema ana haraka zake. Akikuondokea kila mara, ameshakujibu: wewe kwangu ni dada.

Na mimi nilikuwa nampenda. Sitaki kuzungukazunguka. Nilimpenda tangu siku aliyopanda juu ya bati letu kwenye mvua kushikilia antena kwa mkono, eti baba amalize kutazama raga.

Kesho yake watu wa Lisiate walikuwa wanakuja na mikeka yao ya posa kunichumbia. Lisiate anafanya kazi Auckland, ni mtu mstaarabu, ubaya sina wa kumsingizia. Shangazi ndiye aliyewapa ruhusa ya kuja, na kwetu dada wa baba akisema neno, wengine mnaitikia. Alinipa mpaka jioni nimwambie kama nakubali.

Nikaweka jagi, nikaenda jikoni kukaanga maandazi. Huko sebuleni nikasikia Sateki amerudi.

"Sasa picha ipo, sauti imekwenda," Shangazi alilalamika. "Midomo inacheza, neno hulisikii. Wamekuwa kama wewe."

"Filamu hii imewekewa sauti ya spika nyingi. Televisheni yako haiijui. Naibadilisha."

"Na huko kugonga ni nini? Tik, tik, tik."

"Diski ina njaa ya umeme. Umeme wa kisanduku peke yake hauitoshi. Ninayo chaja ya pembeni, niliikusudia redio ya mashua ya Mjerumani mmoja. Mjerumani atasubiri."

Mafuta yakaanza kuchemka, sikusikia tena. Nilisimama pale na unga mikononi, nikawaza: nikinyamaza leo, kesho nitanyamazishwa. Nikanawa. Nikachukua simu, nikamwandikia:

"Sateki, kesho wanakuja watu wa Lisiate. Nijibu swali moja tu, sitakuuliza tena. Mimi ni dada yako?"

Nikatuma. Nikageuza andazi.

"Ngoja, ngoja, miwani yangu iko wapi," nikamsikia Shangazi. Kisha, kwa ile sauti yake ya kusomea Zaburi kanisani, neno moja moja: "'Sateki, kesho wanakuja watu wa Lisiate...'"

Andazi likaungua.

Kumbe kisanduku kilikuja bila rimoti. Sateki alikuwa ameiunganisha simu yake na televisheni ili apange kila kitu kutoka humo, na chochote kilichoingia kwenye simu kilikuwa kinaonekana pale mbele, herufi kubwa kama kiganja, picha kali. Shangazi aliusoma ujumbe wangu mpaka alama ya kuuliza. Maika alikuwa barazani, na madirisha yote yako wazi. Mambo kama hayo kaka hatakiwi kuyasikia hata kwa bahati mbaya.

Kule nje akakohoa.

Nilitamani sakafu inifiche. Lakini sakafu ya jikoni kwetu ni ya saruji, nikaona bora niende. Nikazima jiko, nikasimama mlangoni mwa sebule na mwiko wangu mkononi.

Sateki alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, masikio yamemwiva. Shangazi akavua miwani.

"Mtoto ameuliza," alisema. "Fundi, jibu."

"Mama Lesieli..."

"Mimi sikuuliza. Mgeukie aliyeuliza."

Akanigeukia. Ilikuwa muda mrefu hajanitazama vile, moja kwa moja.

"Siku ya mazishi," alianza, "Maika alinishika bega pale kaburini. Akaniambia, baba hayupo, sasa wa kumlinda Meliame tuko wawili. Nikaitikia. Maika ni rafiki yangu, Meliame. Nikajiambia, aliyepewa kazi ya kaka hawezi kumtazama mtu vile ninavyokutazama mimi."

"Kwa hiyo ukawa unatoka," nikasema.

"Nikawa natoka."

"Na huko nje ulikuwa unafanya nini?"

"Nahesabu popo kwenye mti wenu. Nangoja filamu iishe."

Nilitaka kumpiga na ule mwiko. Nilitaka na kulia. Nikajikuta nacheka, machozi yananitoka.

Ndipo sauti ya Maika ikaingia dirishani. Hakuniita mimi, wala hakuchungulia ndani. Alikuwa anaongea kama mtu anayeuambia ukuta.

"Sateki, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nilisema tumlinde. Nani alikwambia uwe kaka yake? Kaka yake nipo. Kazi hiyo nilishaajiriwa."

Kisha akaongeza, "Miaka miwili tunatoka wote, nikadhani na wewe hupendi filamu."

Shangazi alicheka hadi kiti kikalia. Kisha akaacha kucheka, akanigeukia, maana neno lake lilikuwa bado.

"Nilimtaka Lisiate kwa sababu nilidhani hapa huna mtu," alisema taratibu. "Nilimuona huyu anakukimbia, nikasema basi, tusimngoje mtu asiyetaka. Wewe unamtaka nani?"

"Huyu, Shangazi."

"Hata kama anahesabu popo?"

"Hata kama."

"Basi watu wa Lisiate niliwaita mimi, na nitawapigia mimi, leo hii, kabla hawajafunga mikeka yao. Ni watu wazuri, hawastahili kuja kuaibishwa." Akavaa miwani yake. "Fundi, kisanduku kiko tayari?"

"Kiko tayari. Picha na sauti."

"Anzisha. Meliame, njoo ukae."

Nikaja, nikakaa mkekani. Filamu ikaanza, ilikuwa ya mpishi mmoja na mwanamke aliyekuwa anapeleka barua, picha safi mpaka unaona mvuke kwenye sufuria. Sateki alikuwa bado amesimama. Mlango ulikuwa wazi. Sikumtazama. Nilimwomba Mungu tu, kimoyomoyo, asisikie joto.

Akaweka bisibisi yake juu ya kisanduku. Akaja, akaketi kando yangu.

Wale wawili wa kwenye filamu hawakuchelewa kubusiana. Shangazi akafumba macho ghafla na kuanza kukoroma, mkoromo wa uongo ambao haungemdanganya hata mtoto mchanga. Mimi sikujua pa kuyapeleka macho, Sateki naye hakujua, lakini hakuna aliyeinuka. Mkono wake ukaushika wangu, wenye mafuta ya maandazi na kila kitu.

Kisanduku kipo mpaka leo, na diski haijagonga tena. Yule Mjerumani alitengenezewa chaja nyingine. Maika bado hajawahi kumaliza hata filamu moja nyumbani kwetu, maana nikiingia tu, huchukua mto wake akaenda barazani. Filamu ikiisha, mume wangu humfuata huko nje, akakaa naye, akamsimulia mwisho wake.