Sindano Mbili Zilizoruka

Jiwe! Mzee Idarusi aliufungua mkoba ulioletwa na ndege kutoka Mombasa mbele ya ofisi ya uwanja wa ndege wa Tanga, Alhamisi moja ya Agosti 1956, saa nne na dakika hamsini asubuhi, akatoa jiwe lililoviringishwa gazeti. Kijaluba chenye mikufu na vikuku vya bintiye Sabiha, vilivyofuliwa na sonara wa Mombasa, hakikuwamo. Na harusi ilikuwa kesho yake.

Sajini Uweso alifika kwa baiskeli akihema. Mkuu wake, Mzungu, alikuwa Korogwe siku hiyo, basi kesi ilikuwa yake. Akafunga lango, akasema hatoki mtu.

Washukiwa walikuwa watatu. Methusela, mpakuzi, ndiye aliyeutoa mkoba ndegeni, lakini watu wanne walimwona akienda nao moja kwa moja hadi ofisini. Rafaeli, rubani Mgoa, aliupokea Mombasa akiwa peke yake. Na Stavro, Mgiriki mwenye shamba la mkonge Kigombe, rubani naye, alikaa kando ya Rafaeli safari nzima. Wote walipekuliwa, na ndege pia hadi chini ya viti. Hola.

"Shikamoo, mzee," alisema Uweso.

"Marahaba. Mwanangu, huyo Rafaeli nilimwamini kama niliyemzaa. Kumbe!"

Rafaeli alisikia, akainamisha kichwa. Akitiwa hatiani ni jela, na Tanga nzima haitampa tena hata barua aibebe.

"Ulimwona Bwana Stavro akigusa mkoba?" Uweso alimuuliza.

"Sikuona kitu, Sajini. Nilikuwa nimevaa kofia."

Akaionyesha: kofia ya ngozi yenye ukingo mrefu hadi mashavuni. Rubani anayetaka ruhusa ya kuruka mawinguni sharti afanye mazoezi kila baada ya miezi michache. Hufunikwa asione nje, akaongoza kwa sindano zilizo mbele yake tu. Rubani wa pili hukaa kando awe macho yake, ampe njia.

"Aliniambia tuipite Tanga kidogo ndipo tugeuke, mazoezi yatimie. Nikatii. Ukiwa na kofia, kazi yako ni kutii."

"Hukuhisi lolote?"

"Baridi shingoni na mvumo masikioni, mara moja. Lakini tunafundishwa kwamba mwili ni mwongo, tuamini sindano. Basi nikaandika sindano."

Uweso akalifungua daftari. Saa nne na dakika thelathini na mbili: kimo kimepanda futi themanini, mwendo umeongezeka, injini vilevile. Dakika mbili baadaye: vyote vimerudi.

Aliisoma mistari ile mara tatu. Hakuwahi kupanda ndege, lakini baiskeli aliijua vizuri. Ukipanda mlima bila kuongeza nguvu, mwendo hupungua. Hapa vyote viwili vimepanda!

"Sindano hizi hupima kwa nini?"

"Kwa hewa. Ndege hii ya zamani, zinavuta hewa ya humu humu ndani."

"Na dirisha likifunguliwa?"

Rafaeli akakodoa macho. "Upepo wa nje utaifyonza hewa ya ndani, na sindano zote mbili zitapanda kwa uongo!"

"Turuke!" alisema Uweso.

Stavro aliachwa na askari wawili. Saa saba mchana ndege ilipaa, Uweso kwenye kiti cha Stavro, amekishika kwa mikono miwili huku midomo ikisoma dua. Rafaeli, safari hii bila kofia, alifuata daftari neno kwa neno: njia ile ile, mwendo ule ule.

"Sasa!" alisema Rafaeli.

Uweso akalisukuma dirisha. Upepo ukaingia ukivuma na sindano zote mbili zikaruka.

"Themanini!" Rafaeli alipiga kelele. "Sajini, themanini kamili!"

Uweso akasahau woga, akatoa kichwa nje. Chini yao, safu kwa safu, ilimeta katani nyeupe iliyoanikwa juani. Lilikuwa shamba la Stavro.

Saa kumi alasiri koplo aliyetumwa Kigombe alirudi na kijaluba, kimebonyea pembe moja, nyuzi za mkonge zimenasa bawabani. Nyapara alikuwa ameagizwa asimruhusu mtu kuanua katani mpaka bwana arudi.

Stavro alicheka. "Mimi sikufungua dirisha. Huyu alikuwa kipofu, atashuhudia nini? Na tangu lini sajini akamhoji Mzungu?"

"Tangu saa nne na dakika hamsini, bwana. Kweli Rafaeli hakuona. Lakini chini ya ukurasa huu, sahihi ni ya nani?"

Kicheko kikakatika. Bila sahihi ya rubani wa pili mazoezi hayahesabiwi, na Stavro aliitia mara walipotua, kwa mazoea, bila kusoma.

"Umethibitisha mwenyewe kwamba sindano ziliruka, na aliyeona chini ni wewe peke yako," alisema Uweso, akakiweka kijaluba mezani.

Stavro alikitazama, uso ukamwiva. "Miaka minane nilikuwa rubani peke yangu hapa! Kila mwenye mzigo wa thamani alinijia mimi. Akaja huyu, mkawa Rafaeli, Rafaeli! Nilitaka mumwone mwizi."

"Mwizi tumemwona," alisema Uweso, akamfunga pingu.

Mzee Idarusi alikichukua kijaluba, lakini hakukitia mkobani. Alimwendea Rafaeli.

"Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Akampa kijaluba.

"Tulikubaliana ukifikishe mikononi mwa Sabiha. Bado hujafika."

Rafaeli alikipokea kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, wakashika pamoja njia ya Ngamiani, nyumbani kwa Sabiha.