Waliokuja kwa Sauti ya Mbaraka

Viti vya sinema ya zamani ya Kasuku vilikuwa na tabia moja: ukiinuka tu, vinajikunja vyenyewe. Ndiyo maana Mwavita, aliyekodi ukumbi ule aweke cherehani zake, alishtuka mchana mmoja kuikuta safu nzima imeshuka, kama imekaliwa. Akavikunja. Vikashuka tena, polepole, kimoja baada ya kingine, safu hadi safu, na harufu ya jasho na baruti ikamjaa puani.

Mafundi wake wawili walikimbia. Yeye angekimbilia wapi? Cherehani zile ndizo zilizowalisha yeye na baba yake mzee, Mbaraka. Akamwita Mwalimu Kassim wa Alunguli, mtoa majini.

Kassim alisoma dua mpaka shati likalowa. Kisha akamnong'oneza:

"Hawa hawakukuja wenyewe. Wanasema hawatoki mpaka ule mwenye aliwaita awaruhusu."

"Njo nani aliwaita?"

"Uliza baba yako."

Nani mjini Kindu hakumjua Mbaraka? Miaka mingi alisimama kando ya kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, akifasiri filamu za Kizungu kwa Kiswahili, jambazi akimpa sauti nene, bibi arusi sauti nyororo. Watu walimfuata yeye kuliko filamu. Na filamu ikiisha, hakuna aliyeinuka mpaka yeye awaage.

Mzee aliletwa kwa pikipiki. Alipoviona viti, alilia kabla hajaulizwa.

"Njo mimi niliwaita," alisema. "Wakati wa vita. Wenye bunduki walinizungusha mu barabara: sema leo filamu iko bure. Nikasema. Watu wakakuja juu ya sauti yangu. Wakafunga milango, wakapiga masasi. Hakutoka hata mumoja."

"Na wewe, Baba?"

"Mimi waliniacha."

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Mdomo wa Mbaraka uliponza vichwa vya wenzake, chake kikazeeka salama. Mwavita alimchukia baba yake saa ile, akamchukia kabisa.

"Basi waambie waende," alisema.

Mbaraka akasimama mahali pake pa zamani. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana.

"Filamu imeisha. Kila muntu arudi kwake!"

Viti vikapanda, pa, pa, pa, safu kwa safu, na watu wasioonekana, nyayo zao zikisikika, wakapita katikati ya baba na binti, wakipangusa sketi ya Mwavita, wakimpulizia baridi shingoni, wakatoka mlangoni kwenye jua kali la saa nane na kutawanyika, wengine kuelekea soko, wengine kuelekea mto, mpaka ukumbi ukabaki mtupu na Mwavita akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Twende ku nyumba, Baba."

Mzee alikuwa ameketi kwenye ngazi, ameshika nguzo kwa mikono miwili.

"Siwezi."

"Juu ya nini?"

"Mama yako hakukufa na malaria, Mwavita. Alikuacha kwa jirani, akafuata sauti yangu." Akaitazama barabara ya kwao. "Sasa naye amerudi kwake, iko ku nyumba. Ananingoja."